UTULIVU WA PICHA YA SHAMBA HAUJI WENYEWE

Katika ofisi za umma, katika hoteli, na hata katika vyumba vya wageni vya nyumba za kawaida, ni desturi kutundika ukutani picha ya shamba. Aghalabu picha hiyo haitazamwi. Karani hupita chini yake na faili mkononi. Mgeni huiona mara moja, akasema ni nzuri, na mambo yakaishia hapo. Sisi twaonelea kwamba picha ya namna hiyo ni jambo zito kuliko inavyodhaniwa. Picha ya ardhi humfundisha mtazamaji, bila ya yeye kujua, namna ya kuifikiria ardhi yenyewe: nani yumo, nani hayumo, na ardhi ile ni ya kazi gani. Na katika visiwa vidogo kama hivi vyetu, fikra juu ya ardhi ndiyo inayozaa maamuzi, na maamuzi hubaki hata walioyafanya wakishaondoka.

Ili tulieleze jambo hili vyema, tumechagua kwa makusudi mfano wa mbali, uliochunguzwa sana, na ambao hapa kwetu haumgusi mtu. Ni picha ya Mwingereza John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, jimbo la Suffolk, na kufariki mwaka 1837. Picha hiyo, iitwayo "The Hay Wain", yaani gari la nyasi kavu, ni ya mwaka 1821. Leo imo katika jumba la National Gallery mjini London, ambalo lilipewa picha hiyo na Henry Vaughan mwaka 1886. Ina upana wa sentimita 185 na kimo cha sentimita 130, na nakala zake zimetapakaa kwenye kalenda na kadi kiasi kwamba Waingereza wengi huiona kuwa ndiyo sura ya nchi yao.

Yaliyomo ni haya. Upande wa kushoto ipo nyumba ya mkulima yenye paa jekundu, moshi ukitoka katika dohani. Mbele yake yanapita maji ya mto Stour, yasiyo na kina, na ndani ya maji limo gari la mbao lenye farasi watatu, na juu yake wanaume wawili. Ukingoni, karibu na mtazamaji, mbwa anawatazama. Kando ya nyumba mwanamke ameinama majini. Upande wa kulia, penye matete, yupo mvuvi na mashua yake. Mbali sana, katika uwanda wa majani uliojaa jua, wavunaji wadogo kama punje za mtama wanakata nyasi na kujaza gari jingine. Juu ya yote limetanda anga kubwa lenye mawingu. Hakuna mfalme, wala vita, wala muujiza. Constable alipoipeleka kwenye maonyesho ya Royal Academy mwaka 1821 aliipa jina la "Landscape: Noon", maana yake mandhari ya saa sita mchana, na katika maonyesho hayo haikupata mnunuzi.

Kila aitazamaye picha hii hupata utulivu. Swali letu ni: utulivu huo umetoka wapi? Mtu wa haraka atajibu kwamba umetoka shambani, kwa kuwa shamba ni mahali pa utulivu. Jibu hilo hawezi kulitoa mtu aliyewahi kulima. Shambani kuna jasho, kuna deni, kuna mvua isiyokuja na mvua isiyokwisha. Utulivu wa picha umetokana na mpangilio: ni kipi kimewekwa wapi, kipi kiko karibu na kipi mbali, mwanga umeangukia wapi, na kipi kimeondolewa.

Hebu tuufuate mpangilio huo hatua kwa hatua. Vitu vizito, yaani nyumba na miti mikubwa, vimekusanywa kushoto. Upande wa kulia umeachwa wazi. Jicho huanzia kwa mbwa, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Likifuata anakotazama, hufika kwenye gari. Na kutoka kwenye gari huvuka maji mpaka uwandani penye mwanga, likapumzika huko kwa wavunaji. Ni safari ya pole, isiyo na kona kali wala kizuizi. Matandiko mekundu ya farasi ni madogo sana, lakini kwa kuwa yamezungukwa na kijani pande zote, kila jicho likipotea hurudi hapo. Kijani chenyewe si cha namna moja. Mchoraji amechanganya cha manjano, cha kahawia na cha samawati, akatia na vitone vyeupe ili majani yaonekane yana unyevu na yanacheza. Baadhi ya watu wa zama zake waliviita vitone hivyo, kwa dhihaka, theluji ya Constable. Dhihaka imepita, vitone vimebaki.

Mpangilio huo haukupatikana kwa siku moja. Kwanza Constable alitengeneza rasimu yenye ukubwa ule ule wa picha kamili, ambayo leo imo katika jumba la Victoria and Albert, huko huko London. Katika rasimu, karibu na mbwa, yupo mtu aliyepanda farasi. Katika picha ya mwisho hayupo. Mahali pake mchoraji aliweka pipa, kisha hata pipa lenyewe akalifunika kwa rangi. Tulitafakari jambo hili. Lau yule mpanda farasi angaliachwa, jicho lingalikwama ukingoni, na picha ingalikuwa habari ya mtu na farasi wake. Kwa kumwondoa, na kuliondoa pipa pia, njia ya kuelekea majini ilibaki wazi. Utulivu tunaousifu umenunuliwa kwa kufuta.

Kuhusu anga, mchoraji huyu alikuwa na msimamo ambao mabaharia wetu watauelewa kuliko maprofesa. Katika barua aliyomwandikia rafiki yake, kasisi John Fisher, mwezi wa Oktoba 1821, alieleza kwamba katika picha ya mandhari anga ndiyo kiungo kikuu cha hisia. Mwaka huo na mwaka uliofuata alikuwa akitoka nje huko Hampstead, pembezoni mwa London, akichora mawingu matupu, na nyuma ya michoro mingi akiandika tarehe, saa na uelekeo wa upepo. Baba yake, Golding Constable, alikuwa na vinu vya kusagia nafaka, vya maji na vya upepo, na kijana alifanya kazi humo kabla ya kushika brashi. Msaga nafaka asiyejua kusoma wingu hupata hasara, kama vile nahodha asiyejua kusoma wingu hupoteza chombo. Basi anga la picha ile si pambo la juu. Ndilo linaloamua wapi pawe na kivuli na wapi pawe na jua, na kwa hiyo ndilo linaloamua mtazamaji ahisi nini.

Liko jambo jingine la kuzingatiwa. Picha hii ya kiangazi cha Suffolk ilichorwa London, wakati wa baridi. Constable alikuwa na michoro yake ya zamani na alikuwa na kumbukumbu, lakini umbo halisi la gari hakuwa na hakika nalo. Hakubahatisha. Aliomba nyumbani achorewe, na kijana John Dunthorne akatoka katika baridi, akalichora gari, akampelekea. Mwenye nyumba ile ya kushoto naye alikuwa mtu aliyejulikana kwa jina, Willy Lott, mkulima aliyeishi humo takriban maisha yake yote. Mto ni ule uliopita mbele ya kinu cha baba yake mchoraji, mahali paitwapo Flatford. Kwa ufupi, hii ni picha ya mtu aliyejua kazi ya mahali alipopachora, na pale alipokuwa hajui, aliuliza wanaojua.

Hata hivyo hatuandiki haya ili kusifu tu. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo, na msemo huo wafaa kuandikwa chini ya kila picha ya mandhari. Miaka ile, mashamba ya mashariki mwa Uingereza hayakuwa na utulivu. Vita dhidi ya Napoleon vilikwisha mwaka 1815. Askari wakarudi makwao, bei ya nafaka ikaanguka, ujira ukapungua na kazi zikawa haba. Mwaka 1816 vibarua wenye njaa walifanya ghasia katika miji ya Littleport na Ely, si mbali sana na Suffolk, na watu 5 walinyongwa. Mwaka 1822 mashine za kupuria nafaka zilivunjwa Suffolk na Norfolk, na mwaka 1830 ghasia za vibarua zilienea katika majimbo mengi ya kusini na mashariki. Katika picha ya Constable hayo yote hayamo. Vibarua wamo, lakini wamewekwa mbali na kufanywa wadogo, hata nyuso zao hazionekani. Mwaka 1980 mwandishi John Barrell alichapisha kitabu, "The Dark Side of the Landscape", akaonyesha jinsi wachoraji wa Uingereza, Constable akiwa miongoni mwao, walivyowapanga maskini wa shamba ndani ya picha ili umaskini wao usimsumbue mtazamaji. Kuweka mtu mbali nako ni uamuzi.

Je, tuseme basi kwamba picha ile ni uongo? La. Constable alichora mahali alipopapenda na kupajua tangu utotoni, na mapenzi yale hayakuwa ya kuigiza. Tusemayo ni kwamba ukweli wake ni wa upande mmoja, na kwamba upande huo ulichaguliwa. Mtazamaji mwenye busara hufurahi kwa alichopewa, kisha akauliza alichonyimwa. Mambo mawili hayo yaweza kukaa pamoja katika kichwa kimoja.

Uthibitisho kwamba hisia ya picha hutegemea mpangilio umetolewa na watu waliouchezea mpangilio wenyewe. Mwaka 1980 msanii wa Uingereza Peter Kennard alichukua picha hii na kujaza makombora ya nyuklia ndani ya lile gari, wakati serikali yake ikikubali silaha hizo za Marekani ziwekwe nchini humo. Nyumba ni ile ile, mto ni ule ule, mawingu ni yale yale. Lakini utulivu umegeuka kuwa hofu, kwa sababu mahali lilipokuwa likielekea jicho pamewekwa mauti. Tena tarehe 4 Julai 2022 wanaharakati wawili waliokuwa wakipinga uchimbaji wa mafuta walibandika juu ya picha halisi nakala iliyobadilishwa, ambamo mto umekuwa barabara ya lami na angani zinapita ndege. Tendo la kubandika karatasi juu ya mali ya umma hatuliungi mkono. Lakini lilionyesha jambo moja: ondoa maji, weka lami, na kila kilichobaki, hata mti usioguswa, hubadilika maana.

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu kwa wenye mamlaka. Bonde lile la mto Stour lingaliweza kuwa lami kweli kweli. Halikuwa. Kinu cha Flatford kiliwekwa mikononi mwa National Trust, jumuiya ya kuhifadhi turathi, mwaka 1943, na mwaka 1970 bonde la Dedham linalozunguka mahali hapo lilitangazwa rasmi kuwa eneo la uzuri wa asili lenye ulinzi wa sheria. Nyumba ya Willy Lott ingali imesimama, na wageni huenda kusimama pale aliposimama mchoraji. Hatusemi kwamba picha peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Sheria hutungwa na watu. Twasema kwamba watu wale walikuwa wamekwisha kufundishwa na picha kuliona bonde. Ni vigumu kukifuta kitu ambacho taifa zima limekitazama.

Na sisi visiwani tumetazama nini? Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, nao msitu wa Jozani ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Ni mambo ya kushukuru. Lakini kati ya mji na msitu ndipo yalipo mashamba: mikarafuu ya Pemba, minazi, mabonde ya mpunga, makonde ya muhogo juu ya maweni, na pwani wanakolima mwani akina mama. Hapo ndipo walipo watu wetu wengi, na hapo ndipo ardhi inapogawanywa kila siku. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 1.9 katika nchi ya visiwa yenye eneo la kama kilomita za mraba 2,500. Nyumba lazima zijengwe, na hoteli huleta ajira; asiyeyakiri hayo hasemi kweli. Lakini pale ambapo hakuna aliyeliona shamba, shamba huitwa kiwanja kitupu.

Tazama picha za mashamba na pwani zetu zinazouzwa madukani kwa wageni. Mnazi mmoja umeinama upande wa kulia. Jua linazama. Jahazi limekatwa kama kivuli cheusi, na kama yumo mtu naye ni kivuli. Hatuwalaumu wachoraji wake. Wanatafuta riziki, na mnunuzi ndiye achaguaye. Lakini huo nao ni mpangilio, na una hisia yake. Jua lililo chini nyuma ya vitu huficha nyuso. Saa ya machweo ni saa ambayo kazi imekwisha. Uwanja mtupu mbele ya picha humwambia mtazamaji kwamba hapa hapana mwenyewe, njoo ukae. Picha hiyo ikitundikwa katika kila chumba na kila ofisi, isitushangaze kuona nchi ikipangwa kana kwamba iliyopo ni ile ya ukutani.

Constable angalichora nini hapa? Hatudai kujibu kwa niaba yake, lakini twajua angaliuliza saa ngapi kazi ipo. Na kazi ya visiwa hivi ina picha zake kubwa zinazongoja. Fikiria mchana wa msimu wa karafuu kijijini Pemba. Karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, nyekundu zikielekea kuwa nyeusi. Bibi na wajukuu wanachambua, makonyo yakiwekwa kando. Mchumaji yuko juu mtini miguu yake tu ikionekana. Upande mmoja wa anga umeanza kufunga wingu. Kila mwenyeji ajua maana ya wingu hilo: karafuu zikirowa hupoteza rangi na bei, na jasho la wiki nzima laweza kuharibika kwa saa moja. Mpangilio wa picha hiyo ungejipanga wenyewe, kwani macho ya wote waliomo yangegeukia wingu, na jicho la mtazamaji lingewafuata. Hisia yake isingekuwa utulivu. Ingekuwa ile hali ya moyo ambayo mkulima huishi nayo, kati ya neema na hasara, na mgeni yeyote angeielewa bila kuelezwa.

Twatoa basi mwito wa mambo matatu. Kwanza, walimu wetu wa sanaa wawatoe watoto darasani wakachore shamba wanalolijua, saa ya kazi, na wamtake kila mtoto aeleze alichokiweka karibu, alichokiweka mbali na alichokiacha. Somo hilo halihitaji fedha nyingi. Lahitaji penseli, karatasi na mwalimu mwenye subira. Pili, ofisi za serikali zinaponunua picha za kupamba kuta, zinunue za wachoraji wetu walioichora nchi kwa elimu, na ziwalipe ipasavyo, ili mchoraji asilazimike kuishi kwa machweo peke yake. Mcheza kwao hutuzwa, asema Mswahili, lakini tuzo lazima litoke kwa wenyeji.

Tatu, na hili ni kwa maofisa wa ardhi na mipango. Ramani huitazama nchi kutoka juu, na kutoka juu watu hawaonekani kabisa. Hata wale wavunaji wadogo wa Constable wangepotea. Kabla ya kutia saini karatasi ya kubadilisha matumizi ya shamba, ofisa na asimame katika shamba lenyewe, kwa kimo cha binadamu, saa ambayo watu wanafanya kazi, atazame nini kiko karibu, nini kiko mbali na nani ameinama wapi. Pengine uamuzi utabaki ule ule. Lakini atakuwa ameuamua akiwa amewaona waliomo, na kama kuna kitakachofutwa, atajua kwa hakika ni nini alichokifuta na ni kwa mkono wa nani.